Wanaiita Inat

Shazije hakuzaliwa mkaidi. Nalisema hili mapema, kwa sababu ukifika mji wetu wa Prizren leo ukauliza habari za mjane wa Fadil kinyozi, utajibiwa kabla hujakalia kiti: "Aa, yule? Yule ana inat." Wakishasema hivyo wanaona wamemaliza. Wanakuagizia kahawa na kuhamia kwenye habari za mpira. Mwanamke ameishi umri wote huo, amelea, amezika, ameshona mashati yaliyovaliwa na nusu ya Yugoslavia, na wao wamemfungasha ndani ya neno moja na kumweka kando. Jambo hili linanichoma, ndiyo maana nasimulia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito kuliko ya mumewe. Nyumbani walizungumza Kituruki kama familia nyingi za zamani za mjini. Mtaani alizungumza Kialbania. Kiserbia alikiokota kiwandani, kwenye cherehani, alikokaa ubavuni mwa Ljubinka mpaka kiwanda kilipofungwa. Hakuona ajabu yoyote katika hayo. Hapa kwetu hata muuza kuni hukutukana kwa lugha tatu, na ya tatu ndiyo tamu.

Fadil alikufa akamwachia nyumba, mwana mmoja aitwaye Ergin, na kiti cha kinyozi ambacho hakikununulika. Miaka ya cherehani ikamwachia nyonga mbovu. Kwenye tambarare alikwenda vizuri, ila mlima ulimtoa machozi. Na mji wetu, kwa bahati mbaya yake, nusu yake ni mlima.

Nyumba yake inatazama mtoni. Nyuma yake kuna bustani, ukuta wa mawe, na upande wa pili wa ukuta bustani ya Hatmane, ambaye nyumba yake inatazama barabara ya juu, ile inayopanda kwenda ngomeni. Katika ukuta huo kulikuwa na kilango. Mlango mdogo wa mbao, wa kupita kwa kuinama, usio na kufuli. Zamani nyumba zote za mtaa zilikuwa na vilango vya namna hiyo nyuma, na mwanamke aliweza kutoka kwake hadi mwisho wa mtaa, bustani hadi bustani, bila kukanyaga barabara wala kutafuta ushungi. Vingi vimezibwa. Hicho kilibaki kwa sababu kilikuwa na kazi.

Shazije alipoletwa bibi harusi, mama mkwe wake alikuwa mtu wa kuhesabu hata punje za chumvi. Bibi harusi hakuruhusiwa kusema mpaka asemeshwe, na hakusemeshwa. Siku moja kilango kikasukumwa, akatokea msichana wa Kialbania mwenye unga mpaka kwenye nyusi, amebeba sahani ya pai ya mchicha. Naye alikuwa bibi harusi, naye amenyamazishwa. Huyo ndiye Hatmane. Wakala ile pai wamechuchumaa nyuma ya mzabibu, na tangu siku hiyo kilango hakikupata nafasi ya kuota utando wa buibui.

Kuna jingine. Katika ile masika ya vita, watu waliofunika nyuso walipogonga mlango wa barabara ya juu, Hatmane aliwasukuma watoto wake kwenye kilango mmoja mmoja kama mtu apitishaye mikate. Shazije akawapokea, akawalaza chini ya magodoro, na mdogo wao, Burim, akamkalia juu yeye mwenyewe kwa sketi yake pana huku akimenya vitunguu. Hao watu walipokuja kuuliza hata kwake, aliwajibu huku akilia, na kilio kikaeleweka kuwa ni cha vitunguu. Hili Shazije hakulisema tena maishani mwake. Akiulizwa alijibu, "Ah, kila nyumba ilikuwa na yake."

Msimu wa baridi uliopita Hatmane alipigwa na kiharusi akiwa ghalani kwenye mitungi ya achari. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Watoto wake wote walikuwa Ujerumani na Uswisi. Tangu hapo, kila asubuhi, Shazije alipika kahawa kwake, akapita kilangoni akiwa na mdila mkononi, akamimina vikombe viwili kando ya kitanda. Alimnywesha mwenzake, akamchana nywele, akamsomea umbea wote wa mji. Hatmane alijibu kwa mkono wa kushoto, akigonga ubao wa kitanda. Mara moja ilikuwa ndiyo. Mara mbili ilikuwa: uongo huo. Mara mbili ndiyo aliyoigonga zaidi, kwa sababu Shazije aliongeza chumvi kwenye habari zake, na wote wawili walijua.

Basi Burim akarudi kutoka Uswisi.

Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi. Alirudi na mkewe Arjeta ili amtunze mama yake, na nani atamlaumu kwa hilo? Lakini alirudi pia na michoro ya nyumba. Akabomoa veranda, akaweka madirisha ya kioo toka juu mpaka chini, akajenga ukuta mrefu kuzunguka, na kamera juu ya ukuta. Siku moja akamkuta Shazije bustanini.

"Shangazi, nitakiziba hiki," alisema, akikipiga teke kidogo kilango, kwa upole, kama mtu anayegusa gurudumu la gari.

"Kuziba kwa nini?"

"Nyumba ya siku hizi haiachwi na tundu nyuma. Atakayeingia ataingia mbele, apige kengele. Wewe kwetu ni wa heshima, utapita mlango mkubwa kama mgeni."

"Mimi si mgeni," alisema Shazije. "Na kule kwa mbele ni mlimani, mwanangu. Nishuke hadi darajani, nizunguke jengo la hamamu, nipande yale mawe. Mvua ikinyesha hata mbuzi wanaanguka pale."

"Tutakuletea gari."

"Kila asubuhi?"

Burim akacheka, akaangalia simu yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wanaume waliofanikiwa hujibu hivyo, nimewachunguza sana.

Fundi muashi alipofika na matofali yake, alimkuta Shazije ameketi kwenye kigoda katikati ya kilango, akichambua maharage. Fundi akamwamkia. Shazije akaitikia. Fundi akangoja, maharage yakaisha, ukaletwa mchele. Jua lilipopanda sana fundi alikusanya zana zake. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa ikawa hivyo, na mtaa ukapata neno.

Wa kwanza kulitamka alikuwa Ergin, mwanawe mwenyewe wa kumzaa.

"Mama, acha inat. Watu wanacheka."

Kwa Kituruki cha nyumba hizi inat ni ya nyumbu. Nyumbu akifika darajani akakita miguu, umpige, umbembeleze, umvute mkia, hiyo ndiyo inat. Haina sababu, imo kichwani mwa mnyama. Kwa hiyo Ergin hakuuliza sababu. Nani humuuliza nyumbu?

"Nani aliyekita miguu hapa?" Shazije alimkemea. "Mimi nimekaa pale pale nilipokuwa nikikaa. Ni yeye aliyekuja na matofali!"

"Ndiyo hiyo ninayosema, mama. Ndiyo hiyo."

Jioni Ljubinka akapiga simu kutoka Niš, mji wa Waserbia, alikohamia baada ya vita. Walikuwa wakipigiana kila wiki, wakilalamikia magoti na bei ya siagi. Shazije akamweleza yote kwa Kiserbia chao cha cherehani, akitarajia kusikia neno la kumpoza moyo. Ljubinka akashangilia hadi Ergin akasikia akiwa chumba cha pili.

"Inat! Haya ndiyo mambo! Haki ya Mungu, wewe ungezaliwa kwetu! Usiwaachie, dada. Waanguke na wewe uanguke, nyumba na ianguke, lakini usiwaachie!"

Kwa Waserbia inat ni nishani. Mtu huivaa kifuani. Anayevunja dirisha lake mwenyewe ili jirani asipate raha ya kulivunja, huyo husimuliwa mpaka kwa wajukuu, na wajukuu hunyoosha mgongo wakisikia. Shazije aliiondoa simu sikioni akaitazama.

"Ljubo, sitaki kuanguka," alisema. "Nataka kupita."

"Ndiyo maana nakupenda!" Ljubinka alijibu, na hakuwa amesikia kitu.

Na mtaani, Waalbania wakaanza kuulizana dukani, "Bibi Shazije bado ana inat?" kwa sauti ya huruma, kama anavyoulizwa mgonjwa. Maana kwao neno hilohilo ni hasira. Mtu hushikwa na inat kama anavyoshikwa na homa. Hupanda, hushuka, na ikikataa kushuka jamaa huenda kumtuliza. Msomaji, nawe unalo la kwenu, inadi, na nadhani yalitoka Arabuni nyumba moja, moja likashuka pwani kwenu, jingine likapanda huku na Waturuki. Likatawanyika kwa majirani, kila mmoja akalivalisha nguo zake, na leo kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo lenyewe. Wasomi wetu hulipenda sana jambo hili, huliandikia makala. Mimi nililiona likifanya kazi, na kazi yake ilikuwa moja tu. Ergin aliona nyumbu, Ljubinka aliona shujaa, mtaa uliona mgonjwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kama kilango kizibwe au kisizibwe. Walimpa mwanamke jina, na jina likawapumzisha kusikiliza.

Shazije alikasirika kweli wakati huo, lakini si na Burim. Alikasirika na neno. Alitwanga jikoni vyungu visivyo na hatia.

Alasiri ya Alhamisi wakaja watu watatu kwa mlango wa mbele: Haxhi Rexhep, haji na mkubwa wa ukoo wa akina Burim, mwenye kofia nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, binamu mmoja mnene ambaye hakusema lolote siku nzima, na Burim mwenyewe nyuma yao, macho chini. Wamevaa makoti ya heshima. Shazije moyo ukamruka. Wamekuja kwa ajili ya kilango, alijiambia. Akawakaribisha barazani, akapika kahawa kwa mikono yake, yenye povu zima, akawawekea mbele yao.

Hawakugusa.

Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Mgeni akija na haja nzito, huacha kahawa mbele yake mpaka haja yake itimizwe. Visasi vya damu vimesamehewa kwa kikombe kilichoachwa kipoe. Na kwa mwenye nyumba, kuliko kumwona mgeni ameondoka bila kunywa, ni afadhali ateguke mguu.

"Shazije," Haxhi Rexhep alianza, "tumekuja kwa ajili ya inat."

"Inat gani, Haxhi?"

"Hii uliyonayo na mtoto huyu. Ni jirani yako, umemwona akizaliwa. Msamehe."

"Sina hasira naye. Sina hasira na mtu yeyote."

"Hivyo ndivyo asemavyo mwenye nayo."

"Haxhi, naapa kwa kaburi la Fadil. Mimi ninachosema ni hiki kilango..."

Mzee akainua kiganja. "Hayo ni ya mawe, yana wakati wake. Kwanza moyo. Tamka kwamba umesamehe."

"Nisamehe nini? Hajanikosea bado. Anataka kunikosea."

Binamu mnene akavuta pumzi kwa mshangao. Ergin, aliyesimama mlangoni, akamkazia mama yake macho ya kumsihi. Povu la kahawa likaanza kuvunjika, ukingo wa kikombe ukashika mstari mweusi. Shazije aliutazama ule mstari. Katika nyumba hii, tangu enzi za mama mkwe wake, yule mhesabu chumvi, hapakuwahi kutoka mgeni na kikombe chake kimejaa. Akawaza, watu wazima hawa wamevaa makoti, wamekuja mpaka kwangu, hawawezi kuwa hawajui ninachotaka. Wakishakunywa tutazungumza vizuri.

"Haya," alisema. "Nimesamehe. Kunyweni."

Wakanywa kwa mivuto ya furaha. Burim akainuka, akabusu mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso wake, na machozi yalimlengalenga, nasema kweli, nilisimuliwa na Ergin. Wakazungumza habari za mavuno ya zabibu. Shazije akangoja kilango kitajwe. Mwenye nyumba hawezi kuanza kudai wakati mgeni anakunywa, na walipomaliza kunywa waliaga.

Asubuhi alitoka na mdila mkononi akasikia mwiko ukikwangua tofali. Ukuta ulikuwa umefika kifuani mwake.

"We fundi! Unafanya nini?"

Fundi alishangaa kwa dhati. "Lakini mama, si mmepatana jana? Nimeambiwa umesamehe, tena mbele ya mashahidi."

Alisimama pale na kahawa ya watu wawili. Juu ya tofali aliona dirisha la chumba cha Hatmane, pazia limefungwa. Fundi aliendelea taratibu, kwa aibu, akimpa mgongo. Tofali la juu lilipopakwa saruji Shazije aliimwaga ile kahawa yote kwenye mzizi wa mzabibu, akaingia ndani, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyeibiwa mchana na wapita njia wakampongeza.

"Mama, usianze tena," Ergin alisema. "Umeshasema umesamehe. Ukirudi nyuma, ni aibu kwetu sote."

"Walikuja kunitibu homa nisiyokuwa nayo," alisema Shazije. "Sasa kwa kuwa nimepona, wananizika. Toka mbele yangu, Ergin, kabla sijakurushia huu mdila, na ni wa shaba!"

Asubuhi zilizofuata alipika kahawa ya wawili kwa mazoea, akaketi kwenye kigoda akiuelekea ukuta. Aligonga matofali kwa kitako cha kikombe. Mara moja. Akatega sikio. Matofali ya Burim yalikuwa mazuri, mazito, hayakupitisha kitu. Majirani walimwona kutoka madirishani mwao wakasema inat imemrudia.

Ningekuwa mimi, ningemwendea Burim nikamkumbusha yale magodoro na vile vitunguu, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Ergin mwenyewe alimwambia afanye hivyo. Shazije alimtazama kana kwamba amependekeza waibe msikitini. "Kitu kama kile hakidaiwi," alisema. "Ukikidai kinakuwa hujakifanya."

Jumapili wazazi na jamaa wa Arjeta walikuwa wanakuja kuitazama nyumba mpya. Shazije alijua, mtaa mzima ulijua, maana mwanakondoo wa karamu aliletwa akilia njia nzima. Akavaa nguo yake ya kijani ya Idi, akafunga ushungi mweupe, akachukua fimbo. Akashuka hadi darajani. Akazunguka hamamu. Akaupanda ule mlima wa mawe, akisimama kila nyumba kujifanya anatazama maua ya watu. Kwenye ngazi ya msikiti aliketi kwa muda mrefu, mkono nyongani, na mwuza karanga akamwuliza kama aitiwe mtu. "Niitie mjukuu wa miaka ishirini, nibadilishane naye miguu," alijibu. Akainuka akaendelea.

Burim alimfungulia kwa shangwe. "Karibu, karibu shangazi! Unaona? Mlango wa mbele haumuui mtu!"

Shazije hakuwa na pumzi ya kujibu. Akaketishwa kwenye kochi jeupe. Arjeta, msichana mpole mwenye Kialbania kilichochanganyika na Kijerumani, akaleta kahawa, akaiweka mbele yake.

Shazije akaweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Kunywa, shangazi, itapoa."

"Itapoa," alikubali Shazije.

Burim alizungumza habari za vioo vinavyozuia joto. Alizungumza habari za mvua. Kila mara macho yake yalianguka kwenye kikombe na kukimbia. Arjeta akakiondoa, akaleta kingine cha moto, nacho kikapoa. Nje gari likapiga honi, wakwe wakaingia na maboksi ya zawadi, na mbele yao baba yake Arjeta, mzee wa mji wa Gjakova, masharubu meupe, mtu wa zamani. Alisalimia watu wote, akaketi, akatazama meza.

"Burim," alisema, "mgeni wako hajanywa kahawa."

Wanawake waliokuwa wakifungua maboksi wakaacha kufungua.

"Shangazi," Burim alisema kwa sauti ya chini, uso mwekundu, "si ulisamehe? Si ulitamka?"

"Nilitamka. Hasira mliyoiona nimewapa, ondokeni nayo, haikuwa yangu. Leo sijaja na hasira."

"Basi huu ni ukaidi tu."

"Wala sikuja na ukaidi. Nimepanda ule mlima, mwanangu. Mkaidi angebaki nyumbani."

"Sasa ni nini?"

Hapo ndipo Arjeta alipotoka chumba cha mgonjwa, kikombe mkononi, kimejaa. Alimwambia mumewe kwa upole, lakini wote walisikia. "Mama naye hataki tena. Tangu ukuta uishe hajanywa kahawa hata moja. Nikimpelekea anageuza uso. Nilidhani ni ugonjwa."

Burim akasimama. Akamtazama Shazije, akatazama kile kikombe cha pili. Kisha akaenda chumbani, na mzee wa Gjakova akamfuata hadi kizingitini kumsalimia mgonjwa, na Shazije akajikongoja nyuma yao.

Hatmane alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Nywele zake zilikuwa safi lakini zimechanwa vibaya, njia imepinda.

"Mama," Burim alisema, akapiga magoti. "Umenikasirikia?"

Mkono wa kushoto ukagonga ubao. Mara mbili.

"Unaumwa mahali?"

Mara mbili.

"Arjeta amekuudhi? Chakula? Chumba?" Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Burim akageuka akamtazama Shazije kwa macho yaleyale ya siku ile ya vitunguu. Alikuwa mtoto tena, hajui afanye nini.

"Hujamwuliza," alisema Shazije kutoka mlangoni. "Wala mimi hukuniuliza. Mmekuja na makoti, mmekuja na mashahidi, mmeniuliza moyo wangu una nini. Muulize kama anataka kilango!"

Burim akamgeukia mama yake. Halafu akauliza, kwa shida, kama mtu anayesoma maneno ya lugha ngeni.

"Mama, unataka kilango?"

Hatmane akageuza uso kutoka ukutani. Akagonga mara moja, kwa nguvu iliyouangusha mkono wenyewe kitandani.

Burim akavua koti la sherehe, akamkabidhi mkewe, akatoka bustanini. Baada ya muda mfupi zikasikika nyundo na tofali la kwanza kuanguka, na mwanamke mmoja kati ya wakwe akauliza kama nyumba inabomoka. Shazije alirudi sebuleni, akakichukua kikombe chake kilichopoa, akakinywa mpaka kwenye machicha, akakunja uso. "Arjeta, binti yangu, unaweka maji mengi," alisema. "Njoo kesho nikufundishe. Ni karibu." Akaingia tena chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kunyoosha ile njia ya nywele kwa kitana.

Mzee wa Gjakova alikuwa bado kizingitini. Alitikisa kichwa, akitabasamu ndani ya masharubu, mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu.

"Mashallah," alisema. "Mwanamke mwenye inat huyu!"

Kutoka kitandani mkono wa kushoto ukanyanyuka taratibu, ukagonga ubao mara mbili.